Jambo la Nne

Kensington, Johannesburg
17 Januari 1999

Ndugu yangu Twalib,

Asalaam aleykum, wewe na wifi yangu Tumu na watoto. Ramadhani ndiyo hiyo inaaga, na sisi wazima. Januari huku ni msimu wa sare za shule, cherehani zote tatu hazipoi, mgongo unaniuma mpaka nakaa upande. Nomsa wangu ameingia darasa la mwisho. Kiswahili anakisikia chote, hasa nikimsema, lakini majibu yake ni Kizulu cha marehemu baba yake. Nasra hajambo? Nataka kumshonea gauni la Idi Kubwa. Niletee vipimo, maana miaka kumi na mitatu si mtoto tena.

Sasa kaa kitako. Dada yako anagombea bunge la jimbo! Usicheke, Twalib, nakuona unavyocheka. Chama chetu ni kidogo, kinaitwa Chama cha Walipa Kodi, ofisi yake vyumba viwili Braamfontein, na mimi ni wa tatu kwenye orodha. Uchaguzi ni tarehe 2 Juni.

Utasema Amisa kawa bepari. Sema utakavyo. Sisi tunataka jimbo lisikope hata senti ya kulipia mishahara. Tunataka kila idara ibandike matumizi yake mlangoni, watu wasome. Magari ya wakubwa yapigwe mnada, na nafasi zisizo na kazi zifutwe. La nne ni hospitali: asiyekuwa mkaazi alipe amana yote kabla ya kulazwa, na hii tabia ya watu kuleta ndugu zao kutoka nje kwa kisingizio cha ulezi ikome. Mtu hujikuna ajipatapo. Jambo la nne ndilo nililopewa mimi kulisemea majukwaani.

Kwa nini nasema haya unajua wewe kuliko yeyote. Baba alikata mkonge miaka ishirini na sita. Serikali ikachukua shamba, ikamwahidi kiinua mgongo, matibabu na nyumba. Alikufa bado anavaa koti kila Jumatatu anakwenda kuambiwa faili halijafika. Serikali inayoahidi isichokuwa nacho ni mwizi, tena mwizi mwenye tabasamu. Hilo nimelisema ukumbini na watu wakasimama kunipigia makofi.

Nijibu upesi. Na vipimo usisahau.

Dada yako,
Amisa

*

Tanga
12 Februari 1999

Dada Amisa,

Shikamoo. Barua yako imetukuta tumeshamaliza kaimati za Idi na tumerudi kwenye ugali. Hapa nyumbani mvua zimechelewa, mishahara ya walimu nayo imechelewa, kwa hiyo vinangojana. Tumu anakusalimu. Nimewasomea barua yako walimu wenzangu, na mkuu wetu akasema kama ungegombea Tanga angekupa kura mbili. Hongera sana. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unahesabu vipande vya mhogo kabla mama hajavigawa, sasa umepata jimbo zima la kuhesabu.

Vipimo vya Nasra umeniuliza mara mbili, na nimekaa na kalamu siku tatu. Dada, gauni lisubiri. Mtoto kapungua mabega lakini miguu imevimba. Tangu Novemba alikuwa anachoka, tukasema ni ukuaji. Mwezi uliopita akaanguka kwenye ngazi za madrasa. Nimempeleka Dar, wakampima kwa mashine. Wanasema homa ya koo ya utotoni imekula mlango mmoja wa moyo, haufungi, damu inarudi nyuma. Sasa analala kwa kukaa, ameegemea ukuta.

Upasuaji huo hapa hatuna. Kuna orodha ya kwenda India, na mtoto wangu ni wa mia na kitu. Daktari amesema tuna miezi mitatu, ikizidi sana minne.

Wewe uko kwenye mji wenye mabingwa hao. Nimekutilia ripoti ndani. Dada, sijawahi kukuomba kitu kikubwa zaidi ya saa ya mkononi, nayo ulinipa. Leo nakuomba mtoto. Nasra mwenyewe anasema, "Shangazi hashindwi." Hiyo sikumfundisha mimi.

Mdogo wako,
Twalib

*

Kensington
9 Machi 1999

Twalib,

Salamu kwa wote. Barua yako ilikaa posta, imenifikia juzi. Nimelia dukani mbele ya wateja, mama mmoja akadhani nimefiwa, akaniachia chenji yake. Mbona hukusema mapema, Twalib? Tangu Novemba!

Nimekwenda siku ileile. Yuko daktari Mkongo, Placide, amepanga chumba Bellevue kwenye moja ya zile nyumba kubwa zilizogawanywa. Anafanya kazi wodi ya watoto katika hospitali ya jimbo. Amesoma ripoti yote kwa miwani na bila miwani. Akasema mlango wa moyo unatengenezeka, wamewafanyia watoto wengi, wanakwenda shule. Mtoto mwenye mlezi mkaazi halipi upasuaji. Mlezi anasaini fomu mbele ya karani na kitanda kinapangwa. Kwa desturi yetu shangazi ni baba mwenye kanga, kwa hiyo mimi nafaa. Fomu ninayo, iko kwenye droo ya cherehani.

Lakini Twalib, nisomee polepole hapa. Hilo ndilo jambo langu la nne. Nimechapisha vipeperushi elfu sita vyenye picha yangu juu ya maneno hayo. Nikimleta Nasra leo kama mtoto wa kulelewa, ndiyo mimi mwenyewe yule mtu ninayemsema. Gazeti la mtaa limeshaanza kunifuata, kijana wa kamera anajua hata ninaponunua nyama. Watanichinja, na si mimi tu, kila mwanamke wa Kitanzania aliyeolewa huku ataambiwa ni yaleyale.

Kulipa kama mgeni siwezi. Bei yake ni duka langu na cherehani zake na mimi mwenyewe juu.

Nimepiga hesabu. Daktari wa Dar kasema miezi mitatu mpaka minne. Februari 12 mpaka Juni 2, minne haijatimia. Uchaguzi ukiisha, tarehe 3 asubuhi nasaini. Nimeshamwambia Placide. Akavua miwani tu.

Nakutumia dawa za kupunguza maji mwilini, anasema zitamsaidia kungoja. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, mdogo wangu. Mpe moyo, ajikaze.

Dada yako,
Amisa

*

Tanga
30 Machi 1999

Dada,

Shikamoo. Tumekula Idi Kubwa salama. Dawa zimefika, ahsante. Miguu ya Nasra ilinywea siku nne, kisha ikarudi. Tumu yuko hai. Siandiki mzima, naandika hai.

Barua yako nimeisoma polepole kama ulivyotaka, nikaisoma tena kwa haraka, imesema vilevile.

Sera zako sizibishii. Mimi mwalimu, najua chaki ngapi zinaibiwa. Hata hapa wameshaanza mambo kama yenu, hospitali ina dirisha la kulipia kabla hujamwona daktari, na nimeona mzee amekaa chini ya dirisha hilo kutwa nzima ameshika kadi. Labda serikali haina kweli. Labda uko sawa. Lakini dada, mimi sikukuandikia kama serikali. Nilimwandikia shangazi yake.

Unasema ajikaze. Anajikaza kupita kiasi. Jana aliomba asipelekwe bafuni kwa kubebwa kwa sababu jirani wanaona. Alitembea mwenyewe hatua kumi na moja, mimi nilikuwa nyuma yake nazihesabu. Kisha akakaa sakafuni akacheka ili mama yake asiogope.

Ngojangoja yaumiza matumbo. Hapa tumbo lenyewe ni la mtoto. Saini moja, dada, kwenye karatasi ambayo tayari unayo. Ukiaibika, mimi nitakuja huko nikae mlangoni kwako nipokee matusi yote kwa niaba yako. Nakwambia kweli, nitakuja.

Saini.

Twalib

*

Kensington
22 Aprili 1999

Ndugu yangu,

Salamu. Baridi imeanza, Nomsa ana mafua, hatusemezani. Alifungua droo akatafuta sindano, akaona fomu, akaniuliza. Nikamweleza. Akasema, "Eish, Mama," akaingia chumbani, na tangu siku hiyo anakula kwa jirani. Alikuwa ndiye anayenipigia chapa vipeperushi. Sasa napiga mwenyewe kwa vidole viwili.

Nilikuwa na mkutano Bellevue, ukumbi wa kanisa. Wakaja watu wengi, nusu yao hata kura hawana, Wakongo, Warundi, watu wetu wa Tanga na Unguja. Nikasema yangu kuhusu mikopo, magari, amana. Mama mmoja wa Bukavu akanyanyuka na mtoto mgongoni. "Mama, weye wakati ulifika hapa, ni nani alikulipiaka hospitali?"

Twalib, mwaka tisini na mbili, miezi sita tangu nije na mume wangu aliporudi kwao kutoka uhamishoni, nilipasuliwa tumbo hospitali ya jimbo. Sikuwa na kitambulisho hata cha maktaba. Hakuna aliyeniuliza. Nililazwa siku kumi na tisa na muuguzi mmoja alikuwa ananisuka nywele. Nilisimama pale na kipaza sauti mkononi, nikamjibu kwamba zamani fedha zilikuwepo. Uongo mtupu, na yeye alijua, akakaa.

Nikuambie na hili kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Jambo la nne sikulitunga mimi. Walikuwa nalo kabla sijajiunga. Walinitafuta dukani kwangu kwa sababu likitoka kinywani mwao wataitwa wachukia wageni, na likitoka kinywani mwangu ni hekima. Nililijua hilo tangu mwanzo. Nilikubali kwa sababu mengine yote nayaamini, na kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuja kunitafuta kwa jambo lolote isipokuwa sare.

Wiki sita tu, Twalib. Haifiki arobaini na mbili, ni siku arobaini na moja. Naomba usinichukie. Naogopa, nikiacha sasa nitakuwa nimekosa vyote viwili, wewe na uchaguzi huu. Mwambie Nasra shangazi yake anamfanyia mpango.

Amisa

*

Tanga
12 Mei 1999
Kwa mkono wa Khatibu

Dada Amisa,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Khatibu, yeye anakuja huko na mzigo wake wa vinyago, atafika kabla ya posta.

Nasra anaumwa sana. Njoo. Acha mambo mengine yote, funga duka, njoo.

Sote tunakungoja.

Mdogo wako,
Twalib

*

Kensington
21 Mei 1999

Twalib wangu, wifi yangu Tumu, Nasra mwanangu,

NIMESAINI!

Salamu baadaye. Khatibu alifika jana mchana. Maskini, safari imemchosha, hata chai alikataa, alikaa ukingoni mwa kiti anaangalia zulia. Nikamuuliza mtoto anaonekanaje, akasema, "Mama Nomsa, fanya uende." Nikamwambia mimi niende Tanga kufanya nini, mimi ni mpasuaji? Dawa iko huku! Akasema tena uende, akaaga upesi upesi. Watu wa biashara hawana subira na wagonjwa.

Nilisoma lile neno lako, "anaumwa sana." Maneno machache hivyo kutoka kwa mwalimu wa insha! Nikajua siku arobaini na moja ni za mjinga. Nikachukua fomu nikaenda Braamfontein kwenye kikao cha chama. Nikawaambia mbele ya wote: kesho nasaini hii karatasi, mtoto ni wa mdogo wangu, anatoka nje, halipi kitu, na mlezi wake ni mimi. Basi, jambo la nne mlisemee wenyewe. Mwenyekiti si mtu mbaya. Akanishika mkono akaniambia kwa upole, "Amisa, ngoja wiki mbili tu."

Twalib, hapo niliyasikia yale maneno kwa kinywa cha mtu mwingine. Ndivyo nilivyokuwa nakuambia wewe tangu Machi! Nikaacha beji mezani nikatoka. Wamelifuta jina langu kwenye orodha. Kijana wa gazeti alikuwa nje na kamera yake, nikamwambia piga picha, hata upande huu piga.

Leo asubuhi nimesaini mbele ya karani. Hakuuliza hata swali moja. Dakika nne, Twalib, nimeangalia saa ya ukutani. Placide amepata kitanda, wodi ya watoto, dirishani, kinashikwa mpaka tarehe 15 Juni. Kwa basi asithubutu, anasema aje kwa ndege, na wewe ukae naye. Nimeuza cherehani mbili, tiketi mbili ziko ndani ya bahasha hii, naituma kwa haraka kabisa. Nomsa amenisaidia kubeba cherehani mpaka kwa mnunuzi. Amelala na mimi kitanda kimoja leo.

Tumu, sikiliza. Mfungie kanga mbili na sweta zito, maana Juni huku asubuhi nyasi ni nyeupe kwa baridi. Kama sweta hana atafutiwe, asiletwe na kimtandio tu. Mengine yote yako hapa.

Nasra, shangazi amechelewa. Utanigombeza ukifika.

Amisa

*

Tanga
6 Juni 1999

Dada Amisa,

Leo sina salamu.

Nasra alifariki Jumanne tarehe 11 Mei, saa mbili asubuhi, mama yake akimnywesha uji. Alasiri tukamzika. Khatibu alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na kesho yake nikampa barua akaja kwako.

Kwetu msiba hauandikwi, dada. Mtu wa mbali anaambiwa mgonjwa anaumwa sana, njoo, asije akaanguka peke yake kwenye nyumba ya ugenini. Akifika ndipo anaambiwa, akiwa mikononi mwa watu. Wewe mwenyewe uliniandikia hivyo nikiwa chuoni, baba alipokufa. "Baba anaumwa sana, njoo." Nilijua kabla sijaikunja karatasi. Nilifunga sanduku nikalia kwenye treni mpaka Korogwe. Sikuwaza hata mara moja kwamba wewe hutajua. Khatibu naye amerudi, anasema alidhani umejua na unajikaza.

Kwa hiyo tulikungoja. Waliomwosha mtoto waliuliza shangazi yake yuko wapi, nikasema atakuja. Wiki nzima basi la Dar likiingia namtuma mtu stendi. Hitima tuliisogeza wiki mbili kwa ajili yako, kisha masheikh wakachoka, tukasoma.

Bahasha yako imefika jana. Umesema umechelewa, na mimi sina la kuongeza hapo. Ungesaini Machi ingekuwaje, hilo sitaliandika, wala usinitake niliandike. Umeacha ulichokitaka na umeuza cherehani zako, hayo nimeyaona. Nilikuwa nimekukasirikia mpaka meno yananiuma. Sasa najaribu kukukasirikia nashindwa, na hilo nalo linanitesa, maana hasira ilikuwa inaniamsha asubuhi.

Ila kuna jambo lazima nikuambie. Tumu tangu siku ya mazishi hasemi. Anapika, anafagia, anatandika kile kitanda, hasemi. Jana alipoona bahasha ina mwandiko wako alikuja mwenyewe akakaa karibu yangu, akanitazama, nikafungua nikaanza kusoma kwa sauti. Sikuwa nimeipitia kwanza, hilo ni kosa langu. Nikasoma umesaini. Nikasoma kitanda kiko dirishani. Nilipofika pale unapomwambia amfungie mtoto kanga mbili na sweta, aliinuka. Nikasikia anafungua kabati, anatoa nguo moja moja. Kisha akatoka akaenda kwa majirani, nyumba kwa nyumba, anauliza nani ana sweta zito la msichana wa miaka kumi na mitatu.

Amelipata. Ni la kijani. Amelikunja pamoja na kanga mbili, ameweka tiketi juu yake, na tangu asubuhi amekaa mlangoni ananiuliza tunaondoka saa ngapi.

Mimi siwezi kumjibu. Njoo wewe umwambie.

Twalib